Kabla ya Kugonga Mlango wa Kampuni ya Madini
Ushauri kwa asasi ndogo za Handeni na Korogwe

Asasi nyingi ndogo zikisikia kampuni ya madini imeingia wilayani, huanza na barua. Barua yenyewe tunaifahamu. Inaanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu", inaeleza umaskini wa eneo, inampa meneja heshima zote anazostahili na nyingine asizostahili, kisha inaomba "chochote mtakachojaliwa". Mara nyingi haijibiwi. Ikijibiwa, huja na mipira miwili na seti ya jezi siku ya fainali ya kata, picha inapigwa, mambo yanaishia hapo.

Tatizo si ubahili peke yake. Barua imeomba huruma, wakati pesa ya kampuni haitoki kwa huruma. Inatoka kwenye mpango uliopitishwa, bajeti iliyofungwa na mkataba uliosainiwa. Asasi inayoelewa mpango huo unatungwa wapi na lini, na inayoweza kuonyesha hesabu zake bila kujikuna kichwa, itapata nafasi hata kama ofisi yake ni chumba kimoja cha kupanga. Makala haya yanaeleza namna ya kufika hapo, na pia ni wakati gani uikatae pesa hiyo.

Kwanza, jua unaongea na nani

"Kampuni ya madini" ni jina moja lenye watu wa aina nyingi ndani yake. Aliye na leseni ya utafutaji anatafuta tu. Hajauza hata gramu moja. Aliye na leseni ya uchimbaji anachimba na kuuza. Mwenye leseni ndogo ya uchimbaji, ile wachimbaji wanayoiita PML, huenda ni jirani yako mwenye mashimo mawili na madeni matatu.

Handeni imekwisha kulijua jambo hili kwa vitendo. Miaka ya mwanzo ya 2010 dhahabu ya wilaya hii ilivuma hadi kwenye masoko ya hisa ya Amerika Kaskazini. Canaco Resources ya Vancouver, Kanada, ilikuwa ikichoronga mlima Magambazi. Kampuni nyingine, Douglas Lake Minerals, ilichukua maeneo ya utafutaji kutoka IPP Gold mwaka 2010, ikabadili jina na kuitwa Handeni Gold, na mfanyabiashara Reginald Mengi akawa mwenyekiti wa bodi yake. Wananchi waliona magari, mashine za kuchoronga na wageni, wakaamini mgodi umefika. Kilichokuwa kimefika ni utafutaji, na mtafutaji anaishi kwa pesa ya wanahisa. Bei ya dhahabu ilipoporomoka mwaka 2013, kampuni za utafutaji duniani kote zilikata matumizi, na mwaka huohuo mradi wa Magambazi ulitoka kwa Canaco ukaenda kwa kampuni mpya, East Africa Metals.

Kwa asasi, maana yake ni hii: kwa kampuni ya utafutaji, omba kitu kidogo, cha mara moja, kinachokamilika ndani ya miezi michache. Usiajiri mtu wala kupanga jengo kwa ahadi yake ya miaka mitatu. Ahadi ya miaka inafaa kuombwa kwa kampuni inayozalisha.

Korogwe nako kuna sura yake. Kule Kalalani, kwenye bonde la Umba linalojulikana kwa yakuti na vito vingine vya rangi, wengi ni wachimbaji wadogo na wanunuzi wa vito. Huko hutakuta afisa mahusiano ya jamii mwenye kompyuta. Utakutana na mwenye leseni na msimamizi wake. Mtu wa namna hiyo hawezi kufadhili mradi wa mwaka, lakini anaweza kutoa lori la kubeba mawe, mafuta ya jenereta au mifuko ya saruji. Mwombe alichonacho.

Usibahatishe jina. Orodha ya leseni inasimamiwa na Tume ya Madini na inaweza kutazamwa mtandaoni; pia unaweza kuuliza kwa Afisa Madini Mkazi. Linganisha jina lililo kwenye leseni na lililo kwenye bango la getini. Yakitofautiana, huenda unaongea na mkandarasi asiye na bajeti ya jamii. Na mtu akikuambia anaweza "kukusogezea" maombi yako kwa asilimia fulani, huyo hafanyi kazi ya kampuni wala ya serikali. Namba ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure.

Milango ni miwili

Mlango wa kwanza ni wa kisheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni, katika kifungu cha 105, aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii. Mpango huo anakubaliana na halmashauri, unazingatia vipaumbele vya halmashauri, na unapelekwa kwake kuidhinishwa. Halmashauri ndiyo inayotakiwa kutunga miongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Kanuni za mwaka 2023 zimeeleza zaidi jinsi ya kufanya hayo. Hizi ndizo zinazoitwa mitaani "fedha za CSR", na Geita huwa mabilioni ya shilingi yanayokwenda kwenye madarasa, zahanati na barabara.

Angalia vizuri neno halmashauri. Kupitia mlango huu, meneja wa mgodi si mtu wa kumwandikia kwanza. Handeni kuna halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji, Korogwe vilevile. Hakikisha unajua mradi wako uko upande gani wa mpaka, maana andiko lililopelekwa kwa halmashauri isiyohusika hukaa kwenye jalada mpaka karatasi ibadilike rangi.

Mlango wa pili ni mfuko wa kampuni yenyewe, inaouendesha kwa hiari na kwa masharti yake. Mfano unaojulikana nchini ni Kili Challenge ya mgodi wa Geita. Tangu mwaka 2002 watu wanapanda Mlima Kilimanjaro na wengine wanauzunguka kwa baiskeli kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI, kwa kushirikiana na TACAIDS, yaani Tume ya Kudhibiti UKIMWI, na fedha hizo hugawiwa kwa taasisi na asasi zinazofanya kazi hiyo. Mfano mwingine ni Barrick, iliyotangaza kutenga dola 6 za Marekani kwa kila wakia ya dhahabu inayouzwa na migodi ya North Mara na Bulyanhulu kwa ajili ya jamii zinazoizunguka. Mfuko wa aina ya kwanza una mada yake. Ukiomba madawati kwenye mfuko wa UKIMWI umejifunga mwenyewe. Wa aina ya pili unapanda na kushuka na uzalishaji, kwa hiyo kiasi cha mwaka jana si ahadi ya mwaka huu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, jiulizeni kwenye kikao: tunagonga mlango upi? Jibu ndilo litakaloamua nani aandikiwe, lini, na kwa lugha gani.

Kalenda ina nguvu kuliko barua

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla, na mapendekezo ya vijiji hupanda kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata hadi baraza la madiwani. Asasi inayofika Mei na wazo zuri imechelewa. Fika Septemba au Oktoba, wazo lako likiwa limekwisha kujadiliwa na kijiji.

Kulijadili na kijiji si mapambo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ombeni nafasi kwenye ajenda, elezeni mradi, jibuni maswali, kisha chukueni nakala ya muhtasari wenye mhuri wa mtendaji. Karatasi hiyo moja huwa na uzito kuliko kurasa kumi za maelezo, kwa sababu inamwonyesha mfadhili na diwani kwamba wanaotajwa kwenye andiko wanajua wametajwa.

Kwa mfuko wa kampuni, kalenda ni nyingine. Kampuni nyingi za nje hufunga bajeti mwishoni mwa Desemba. Waulizeni mapema wanapokea maombi mwezi gani. Swali hilo peke yake linawatofautisha na waliokwenda kuomba chochote.

Karatasi zinazotangulia maneno

Kikundi kilichotambuliwa na halmashauri na shirika lililosajiliwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 ni vitu viwili. Kikundi kinaweza kupata mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, kikapewa vifaa na mfadhili, lakini kampuni nyingi hazitaingia nacho mkataba wa fedha. Kama bado mko ngazi hiyo, kuna njia mbili: jisajilini, au shirikianeni na shirika lililosajiliwa kwa makubaliano ya maandishi yanayosema nani anafanya nini na fedha zinapita wapi. Kwa usajili, anzieni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya. Huyo pia anatazama mwenendo wenu, kwa hiyo asikutane nanyi mara ya kwanza siku mnayohitaji saini yake.

Wekeni kwenye jalada moja cheti cha usajili, katiba, orodha ya viongozi wa sasa, uthibitisho kwamba taarifa za mwaka zimewasilishwa na ada zimelipwa, TIN, na taarifa ya benki ya miezi sita. Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa fedha, na wasiwe mume na mke. Mchunguzi wa kampuni huangalia jambo hilo kabla ya kusoma malengo yenu matukufu.

Andiko la kurasa tatu

Andiko la mradi halihitaji kuanza na historia ya Tanganyika. Kurasa tatu zinatosha: tatizo, mtakachofanya, nani atanufaika, muda, bajeti, na nini kitabaki baadaye.

Tatizo lielezwe kwa mahali. "Handeni ina shida ya maji" kila mtu anajua; mradi wa HTM, unaovuta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, umekuwepo tangu miaka ya 1970 kwa sababu hiyohiyo. Sema kitongoji gani, pampu ngapi hazifanyi kazi, tangu lini, na akina mama wanatembea kutoka wapi hadi wapi. Hesabu hizo zikusanyeni wenyewe kwa kutembea.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Asasi yenu inataka kufufua pampu tano za mkono kwenye kata moja. Vipuri na mabomba ni shilingi 7,500,000, ufundi 2,000,000, mafunzo kwa mafundi 10 wa vijijini 1,500,000, ufuatiliaji wa mwaka mzima 1,200,000, gharama za ofisi 600,000, na nguvukazi ya wananchi, ikithaminiwa kwa ujira wa kibarua wa eneo hilo, 1,700,000. Mradi unagharimu 14,500,000, na mnaomba 12,800,000. Kila namba iwe na ankara ya kifani au maelezo nyuma yake. Msifiche gharama za ofisi kwa kuzipandisha kwenye bei ya mabomba. Mfadhili aliyezoea manunuzi ya mgodini anajua bei ya bomba kuliko ninyi.

Mstari wa mafundi 10 ndio unaobeba mradi. Bila huo, pampu zitakufa tena mwaka unaofuata. Na hapa ndipo asasi ndogo ina kitu ambacho kampuni haina. Kampuni inaweza kujenga. Haijui kukaa na kamati ya maji ya kijiji mpaka ikubaliane nani ashike ufunguo na ndoo ilipiwe shilingi ngapi. Kwenye mlango wa kwanza, ule wa halmashauri, fedha ya ujenzi huenda isipite kwenu kabisa. Lakini mnaweza kuingia kwenye mpango kama watekelezaji wa sehemu hiyo laini: kufundisha kamati ya shule baada ya darasa kujengwa, au jumuiya ya watumia maji baada ya kisima kuchimbwa. Ombeni hiyo.

Usikubali haki iitwe msaada

Kuna mambo matatu ambayo kampuni au kiongozi anaweza kuyafunga kwa utepe na kuyaita zawadi. La kwanza ni fidia. Mtu anayepisha mradi anastahili fidia kamili, ya haki na kwa wakati; ndivyo sheria za ardhi za mwaka 1999 zinavyosema. Darasa jipya haliwezi kulipia shamba la mtu mmoja, na asasi isikubali kuwa daraja la kupitishia ubadilishaji huo. La pili ni ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mapato ya kampuni, unaolipwa halmashauri. Hiyo ni kodi. La tatu ni masharti ya mazingira: kuzuia maji machafu, kufukia mashimo, kutunza vyanzo vya maji. Kampuni inayotekeleza cheti chake cha mazingira inatimiza sharti la kufanya kazi.

Haya yanahusu asasi moja kwa moja, kwa sababu baadhi yenu ndio mnaowasaidia wananchi kudai fidia. Mkipokea fedha kwa kampuni hiyohiyo mnayoidai, watu watauliza mko upande gani, na watakuwa na haki ya kuuliza. Amueni mapema kwenye kikao cha bodi na muandike kwenye muhtasari: ama mnatetea, ama mnapokea, au mnapokea kwa kazi isiyogusa mgogoro na kuutangaza ufadhili huo hadharani. Kimya ndicho kinachoua jina la asasi.

Mkataba, na yaliyomo ndani yake

Msipokee fedha kwa hundi kubwa ya maonyesho na kupeana mikono. Dai mkataba. Usomeni kwa Kiswahili. Kama umeandikwa Kiingereza, tafuteni mtu awasomee kifungu kwa kifungu kabla ya saini. Angalieni mambo manne: fedha zinakuja kwa awamu ngapi na nini kinafungua awamu inayofuata, vifaa vitakuwa mali ya nani mradi ukiisha, nini kitatokea kampuni ikiuzwa au ikisimamisha kazi katikati, na kama kuna kifungu kinachowazuia kusema jambo lolote baya juu ya kampuni. Nembo kwenye bango la mradi si tatizo. Kuzibwa mdomo ni tatizo, na kifungu hicho kiondolewe au mkataba uachwe.

Kumbukeni pia kanuni za mwaka 2018. Shirika lisilo la kiserikali linalopata ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 linatakiwa kuwasilisha mkataba Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku 10 tangu kuuingia, na kutangaza fedha hizo kwa umma. Siku 10 hupita haraka mtu akiwa bado anasherehekea. Mteueni mjumbe mmoja wa kulifuatilia kabla kalamu haijagusa karatasi.

Hesabu ubaoni

Fedha zikiingia, fungueni daftari la mapato na matumizi la mradi huo peke yake. Kila ununuzi uwe na risiti ya mashine. Fundi asiye na risiti asaini hati ya malipo, na mjumbe wa kijiji ashuhudie. Kila mwisho wa awamu, bandikeni ukurasa mmoja kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: kilichopokelewa, kilichotumika, kilichobaki. Mtendaji, mwenye duka na mpinzani wenu wasome wote. Watu wakijua hesabu, uvumi unakosa chakula.

Na upande wa pili udaiwe uwazi uleule. Tanzania ilijiunga na mpango wa uwazi katika rasilimali za madini, mafuta na gesi mwaka 2009, na mwaka 2015 Bunge likautungia sheria. Ripoti za mpango huo hapa nchini, TEITI, huonyesha kampuni zililipa nini serikalini. Ulizeni kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mpango wa kampuni kwa mwaka huu unasema nini, na uliopita ulitekelezwa kwa kiwango gani. Jina la kijiji chenu likiwa kwenye ripoti ya madawati ambayo hayakufika, nendeni na ripoti hiyo mkononi.

Mgodi utafungwa

Mgodi wa Golden Pride kule Nzega, wa kwanza kati ya migodi mikubwa ya kisasa ya dhahabu nchini, ulianza uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 1990 na ukafungwa mwaka 2014. Ni takriban miaka 15. Mtoto aliyezaliwa ulipofunguliwa alikuwa bado sekondari ulipofungwa. Hakuna asasi inayopaswa kujengwa juu ya mfadhili mwenye umri wa namna hiyo, na wa utafutaji umri wake ni mfupi zaidi.

Wekeni kikomo chenu wenyewe. Fedha ya kampuni moja isizidi theluthi ya bajeti ya mwaka. Isilipe mshahara wa mratibu, ili ikiondoka mratibu abaki. Itumike kwa vitu vinavyoendelea kuishi bila mfadhili: ujuzi wa mafundi, kamati inayokusanya senti zake, mtaji wa kuzunguka kwenye kikundi cha akina mama. Ada, michango ya wanachama na kazi ndogo za kulipwa zilipie chumba cha ofisi na vocha.

Mkishindwa kujibu mradi huu utaendeshwaje mwaka mmoja baada ya kampuni kuondoka, msiuombee fedha bado. Rudini kijijini mkalipatie jibu hilo kwanza. Ndilo swali la kwanza ambalo afisa makini wa kampuni atawauliza, na asipowauliza yeye, wananchi watakuja kuwauliza ninyi.